Njia ya Maji Kwenda Itetemia

Ukimwambia mwenyeji wa Tabora kwamba unataka kutembea kando ya mto, atakuuliza mto gani, na ana haki ya kuuliza. Mji huu hauna Rufiji wala Pangani yake. Umekaa juu ya uwanda, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo maji ndiyo kwanza yanajikusanya na bado hayajapata nguvu ya kujichimbia mfereji. Mvua za Novemba hadi Aprili huteremka taratibu hadi mbugani, zikatuama, udongo mweusi ukanywa wa kwake, na yaliyobaki yakajikokota kuelekea Igombe na Wala, kisha Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika. Agosti mtu anavuka bonde zima bila kulowesha kiatu. Hata hivyo nashikilia kwamba matembezi bora ya kufanya Tabora ni ya kando ya mto, na kwamba mto huo wa msimu ndio ulioleta mji hapo ulipo. Anayeanzia stesheni ya reli, akashuka pamoja na mitaro ya mji hadi inapomwaga maji yake, kisha akashika ukingo wa mbuga kuelekea Itetemia, na akiwa bado na miguu akaendelea mpaka Kwihara, anaifuata njia ya misafara kwa ukweli zaidi kuliko anayeitazama katika kitabu cha shule, ambako ni mstari mmoja uliopigwa kwa rula kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Mstari ule wa rula unadanganya kwa sababu unaonyesha njia kama jambo la waliokuwa mwanzo na mwisho wake: mfanyabiashara wa pwani aliyetaka pembe za ndovu, na ziwa lililokuwa upande wa pili. Njia haikufanywa hivyo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na juu yake mkeka, sufuria na chakula chake. Hangeweza kubeba na maji ya siku mbili. Kwa hiyo kila siku ya msafara ilipimwa kwa jambo moja: kambi ya leo iko umbali gani na kisima cha kesho. Palipokuwa na pengo, walifanya kile walichokiita terekeza: kupumzika mpaka adhuhuri ipite, kunywa na kujaza vibuyu, kutembea mpaka usiku, kulala pakavu, na kuamkia alfajiri ili wayafikie maji jua likiwa halijakaza. Sehemu iliyoogopwa kuliko zote kati ya pwani na Unyanyembe, nchi ya Tabora, ilikuwa Mgunda Mkali, nyika ya baina ya Ugogo na Unyamwezi. Wanyama wakali na wanyang'anyi walikuwapo kote njiani, lakini sifa mbaya ya Mgunda Mkali ilitokana na vichaka vyake na ukame wake. Burton na Speke, waliotoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, mji wa Waarabu ambao leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba baada ya siku 134, walivuka pale wakiwa nyuma ya watu waliolijua kila dimbwi. Tukiwaita wazungu wale wavumbuzi wa njia, tunawapa kazi iliyofanywa na viongozi wa misafara wa Kinyamwezi miongo mingi kabla yao.

Tena, majira yalizidisha uzito wa jambo hili. Wanyamwezi walikuwa wakulima kwanza. Walivuna, wakaondoka na misafara ya kiangazi, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Maana yake ni kwamba walisafiri katika miezi ileile ambayo maji yalikuwa haba kuliko wakati wowote. Njia inayopitika Machi, kila bonde likiwa limefurika, si habari yoyote kwa mpagazi. Kilichomhusu ni ile inayopitika Septemba, na Septemba hubaki tu mahali ambapo maji yamejificha karibu na uso wa ardhi. Ndiyo sababu mbuga, ambayo mgeni anaiona kama nyasi tupu, ilikuwa na thamani kuliko mto wenye jina. Mto wa msimu ukikauka huacha vidimbwi vichache. Mbuga ikikauka juu, chini bado inatunza, na jembe na subira vinatosha kuyafikia maji.

Sasa itazame Itetemia kwa jicho hilo. Leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, pembezoni, lakini katika karne ya 19 ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, na mji wa wafanyabiashara ulikuwa jirani tu. Burton aliyaandika makao ya Mtemi Fundikira kwa tahajia yake mwenyewe, akayaweka kwenye mteremko wa vilima vya kusini. Neno la maana hapo ni mteremko. Chini ungezama masika. Juu ya kilima ungechota maji kwa kupanda na kushuka. Aliyekaa mteremkoni alikuwa na nyumba kavu, visima chini yake, na macho juu ya kila aliyekuja kunywa. Mtemi aliyetoza hongo alikuwa anatoza, kwa lugha nyepesi, ruhusa ya kukaa karibu na maji na chakula. Waarabu wa Kazeh, akina Snay bin Amir aliyewapokea Burton na Speke, walijenga tembe zao katika bonde hilohilo, wakalima mpunga, vitunguu na matunda. Bustani hizo hazikuwa pambo. Kituo ambacho misafara inasubiri kwa miezi, inabadilisha wapagazi, inauguza wagonjwa, hakiwezi kuishi kwa kununua chakula cha siku moja moja. Livingstone aliachwa na Stanley pale Kwihara tarehe 14 Machi 1872, akangoja watu wa kutumwa kutoka pwani hadi Agosti mwishoni. Mzee mgonjwa kukaa zaidi ya miezi mitano, tena vita vya Mirambo, mtawala wa Urambo, vikiendelea jirani, ni ushahidi wa bonde lenye uwezo wa kulisha, hata kama wageni wanaofika leo kwenye jumba la makumbusho wanaonyeshwa zaidi kitanda na barua kuliko shamba.

Ukitembea, mpangilio huu wa zamani unajionyesha bila maelezo mengi. Mji wenyewe umeandika maji katika anwani zake: Chemchem na Mbugani ni kata za manispaa, na hakuna aliyezipa majina hayo kwa utani. Kutoka katikati ya mji mteremko ni mdogo kiasi kwamba baiskeli haihitaji breki, lakini mitaro inaujua. Ifuate. Kwanza inabeba kila tunachokitupa: chupa za plastiki, maganda, maji ya sabuni ya nyuma ya nyumba. Huu ndio urembo usiopigwa picha wa matembezi ya mjini, na sioni sababu ya kuuruka, kwa kuwa unafundisha kwamba bonde halina ukuta unaolitenga na soko. Kisha nyumba zinapungua, mtaro unapoteza kingo zake za saruji, na ghafla uko kwenye ardhi tambarare yenye matuta ya mboga na majaruba ya mpunga. Kiangazi majaruba ni malisho ya ng'ombe, na vishimo vya kumwagilia vinaonyesha kina cha maji kwa mwezi ule bila kipimo cha mhandisi. Palipo na udongo wa mfinyanzi pana matanuri ya matofali, na penye matanuri pana kuni, na kuni zinatoka upande ule mwingine, kwenye miombo.

Mpaka baina ya mbuga na miombo ndio sehemu tamu ya safari, na ndipo njia ya miguu inapenda kupita. Chini mno utakwama, juu mno utachoma siku ukizunguka vichaka. Kati yake kuna ukanda wa mchanga mgumu, mti hapa na pale, ambao wachungaji, wenye baiskeli na watoto wa shule wanautumia leo kama wapagazi walivyoutumia. Ukiangalia juu kwenye mitundu na mininga iliyobaki utaona mizinga ya magogo, kwani asali ya Tabora inaanzia hapa, siyo kwenye chupa yenye lebo. Nyuki nao hawaendi mbali na maji. Mtu anayelaumu uhaba wa asali bila kutaja miti iliyokwenda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na kwenye magunia ya mkaa, anazungumza nusu ya habari.

Kuna hadithi inayopendwa sana kuhusu miembe ya njia hii: kwamba watumwa walikula maembe wakitembea, wakatupa kokwa, na miti ikaota nyuma yao. Inasikitisha vizuri, ndiyo maana inadumu. Lakini mwembe mchanga hauna ulinzi dhidi ya mbuzi na moto wa kiangazi, na Unyamwezi ina vyote viwili. Mwembe uliofikia kuwa mkubwa ulimwagiliwa na kuzungushiwa miiba na mtu aliyelala karibu nao miaka yake ya mwanzo. Kwa hiyo ninapoiona miembe mikongwe ya upande wa Kwihara nasoma makazi, visima na mikono, na mingi ya mikono hiyo huenda ilikuwa ya watumwa kweli, ila watumwa wa shamba waliokaa pale na kufanyishwa kazi, wala si wapita njia waliodondosha kokwa. Hadithi ya kokwa inawapunguza. Inawafanya wasababishe kivuli kwa bahati.

Hoja ya kwanza atakayonipinga nayo mwanahistoria ni kwamba natia chumvi kwenye maji na kusahau utawala. Njia, atasema, ilifunguliwa na kufungwa na watu wenye bunduki. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliikata njia ya kwenda Ujiji, akawashinda Waarabu na washirika wao, na Agosti mwaka huo watu wake wakaingia Tabora na kuichoma. Baadaye Mtemi Isike wa Unyanyembe akabishana na Waarabu na Wajerumani juu ya nani anatawala misafara, hadi Januari 1893 alipojilipua ndani ya ghala lake la baruti badala ya kushikwa na askari wa ofisa Mjerumani von Prince. Hayo yote ni kweli, na sina nia ya kuyafanya kuwa madogo. Lakini tazama Stanley alifanya nini njia ilipofungwa. Hakukata moja kwa moja porini. Aliondoka Kwihara Septemba 1871, kiangazi kikiwa kimefika kileleni, akazunguka kusini, akapiga kambi kwenye mto Gombe ambako maji yalikuwa yamebaki kwenye vidimbwi na wanyama wamejaa, kisha akapanda kaskazini mpaka Malagarasi na kulipa ghali kuvushwa. Mirambo aliweza kumnyima njia moja. Njia zilizobaki za kuchagua zilikwisha kupangwa na vidimbwi. Na ukifikiri vizuri utaona kwamba hata nguvu ya Mirambo na Isike ilikuwa ya aina hiyo: kila mmoja alisimama mahali ambapo msafara haungeweza kumkwepa bila kuzunguka kufuata maji mengine. Bunduki hazina faida kwa mtu aliyejificha pasipo na njia.

Reli inaonekana kuvunja hoja hii, maana ilifika Tabora mwaka 1912 na haikujali kambi za zamani. Iliiacha Kwihara kando, na pale kisima cha misafara kilipokoma kuwa na kazi, mji wa Waarabu ukapungua na mji wa stesheni ukanenepa. Ila treni za mvuke nazo zilikunywa maji, kwa wingi kuliko msafara wowote, na mji ulioongezeka kwa ajili ya reli ulilazimika kujenga mabwawa ya Kazima na Igombe. Mabwawa hayo yamejengwa wapi? Pale pale ambapo bonde linakusanya. Treni za dizeli zilizofuata ndizo zilizokuwa za kwanza kupita Tabora bila kuhitaji kusimama kwa ajili ya kiu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halijibiwi kwa ramani. Mtu anaweza kusema kwamba kuizungumzia njia hii kwa visima, mboga na vivuli ni kuipaka rangi. Tanzania yenyewe, ilipoiweka kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, iliiita njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Kati ya Tabora na pwani wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi huru wanaolipwa kwa vitambaa, shanga na waya, watu wenye majivuno ya kazi yao. Wengine katika njia ileile walifungwa minyororo. Ukweli huu wa pili haufutwi na wa kwanza. Lakini sioni kwamba maji yanauficha. Mahali pa kunywa ndipo tofauti yao ilionekana wazi: aliyeajiriwa aliweza kutua mzigo, kugoma, kudai posho au kutoroka akiujua mji wa mbele, na migomo ya wapagazi imejaa katika vitabu vya wasafiri, lakini aliyefungwa alikunywa alipopewa. Anayetembea kando ya mbuga akijua hilo anapata jambo ambalo sanamu ya mnyororo peke yake haimpi, yaani kwamba utumwa ulipita katikati ya kijiji chenye bustani, mbele ya majirani, katika siku za kawaida. Nadhani hilo linatisha kuliko nyika.

Tatu, nasikia watu wakisema kutembea kwa ajili ya kutembea ni starehe ya wageni, na kwamba mtu wa Itetemia anayetembea anafanya hivyo kwa kukosa nauli ya bodaboda. Nusu ya maneno hayo ni sahihi. Mbugani hakuna anayetembea bila sababu: ndoo, mkaa, mifugo, shule. Lakini Karura, Nairobi, ilisemwa hivyo pia. Msitu ule wa hekta zaidi ya 1,000, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe kwa wajenzi, leo una njia za kando ya mto zinazojaa wenyeji wa Nairobi kila Jumamosi, wakilipa kiingilio. Hawakuzaliwa na tabia hiyo. Walipewa mahali salama pa kuifanyia. Tena Tabora haihitaji kuchonga njia mpya. Ipo, imekanyagwa na watu wenye kazi zao, na kuilinda kwa ajili ya mwenye ndoo ndiko kuilinda kwa ajili ya mtalii. Njia itakayowekewa uzio na lango ili mgeni apite peke yake itakuwa imeukosea mto na imewakosea wenyewe.

Wasiwasi wangu mkubwa ni mwingine. Sasa bomba linaleta maji ya Ziwa Victoria hadi Tabora, na baada ya miaka ya mgao hakuna mtu mwenye akili atakayelilalamikia. Ila bomba lina tabia ya kufuta kumbukumbu. Mji ukishaacha kunywa kutoka kwenye bonde lake, unaanza kuliona bonde kama viwanja ambavyo havijapimwa. Dar es Salaam ilifanya hivyo na Msimbazi: kwanza bonde likawa mahali pa bei nafuu, kisha majumba, kisha karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, na maji yakaja kudai nafasi yake mara kwa mara, hata ikabidi kutafuta mamilioni ya dola za mkopo ili kulirudisha bonde katika kazi yake. Tabora iko juu ya kilele cha maji na mafuriko yake hayatakuwa ya Jangwani. Hasara yake itakuwa ya kimya: visima vya mikono kushuka, mboga kupotea sokoni Oktoba, na yale yanayoteremka kwenda Igombe na hatimaye kwenye ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza nchini kuingia katika Mkataba wa Ramsar, kufika yakiwa machache na machafu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Kwa Rufiji ni rahisi kuitekeleza: tafuta ukingo, nyoosha futi kamba. Kwa mbuga ya Itetemia swali la kwanza la mpimaji litakuwa ukingo uko wapi, na akifika Agosti ataona nyasi kavu na njia ya ng'ombe, ataandika kwamba hakuna mto, na kwa karatasi hiyo kiwanja kitauzwa kihalali. Mpagazi wa mwaka 1857 asingefanya kosa hilo, kwa kuwa maisha yake yalitegemea kujua maji yamelala wapi wakati hayaonekani. Halmashauri ya Manispaa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika wanaweza kupata ujuzi huohuo kwa gharama ndogo: waende na wakulima wa majaruba mwezi Machi, maji yakiwa yamesimama, wapigilie vigingi pale yanapoishia, wahesabu mita zao 60 kuanzia hapo, na ukanda utakaobaki waupe jina la njia ya miguu kabla haujapewa namba za viwanja.